Mzabibu wa Mounira

Kasongo, tarehe 2 Julai 2023

Shemeji Octave, katekista kiziwi wa Kabambare,

Nakuandikia nikiwa nimeshiba zabibu. Mwaka huu mzabibu wa hapa nyumbani umezaa mpaka unatia haya. Vishada vinaning'inia kama chuchu za mbuzi aliyezaa mapacha. Majirani wanakuja na sahani, imamu mwenyewe alikula akasahau kushukuru, na mimi mchana nalala chini ya kivuli chake kama sultani. Dada yako Nuru, ambaye wewe unaendelea kumwita Émérance utafikiri hakuolewa, apumzike huko kwako mpaka achoke. Mimi sina shida. Napika, nafua, nanenepa.

Haya, nimeshapumua. Sasa futa yote uliyosoma.

Hakuna zabibu, Octave. Haijaonekana hata moja katika parsele hii, kiwanja chetu chote, tangu ulipotuletea kile kijiti cha bustani ya mapadri. Na sasa hata mzabibu wenyewe hakuna. Iko kisiki tu, kinanifika magotini, mimi nakitazama na chenyewe kinanitazama. Ugali wangu umeungua tena. Nimekonda.

Kosa ni lako. Wakati wa Pasaka uliniandikia kwamba mzabibu usiokatwa unazaa majani tu, kwamba kiangazi kikianza ukatwe, na kila tawi libakiwe na macho mawili, yale mapele ambamo majani yanatokea, ndivyo mapadri walivyofanya. Nikangoja Nuru aende Wamaza kwenye msiba wa shangazi yenu. Nilitaka nimfanyie ajabu: miezi ipite, siku moja afungue mlango akute zabibu zinamgonga usoni. Mkasi wangu ukakataa, nikachukua mupanga. Wewe unanijua, nimeshona maisha yangu yote. Fundi nguo akishaanza kukata, mkono unapata akili yake. Tawi hili refu, punguza. Sasa lile limezidi hili, punguza. Suruali ikawa kaputula, kaputula ikawa leso. Halafu ukaanza kulia. Sifanyi mzaha: maji yalikuwa yanatoka kwenye majeraha, tone, tone, mpaka nikaweka kopo chini kama mutu anayekinga paa linalovuja.

Ndipo Nuru akafika na Pitchou, yule motari wetu wa pikipiki. Hata hajafungua mzigo. Akatazama, akauliza: "Ulikata na chuma?" Nikamjibu: "Ulitaka nikate na meno?" Akamgeukia Pitchou: "Usizime pikipiki." Akapanda tena, wakaenda, na sasa yuko kwako.

Najua ni kivuli. Alikuwa anauzia vitumbua vyake chini yake. Lakini mwanamke anaacha nyumba kwa ajili ya kivuli? Nikimpigia simu anaipokea, ananyamaza, nasikia kuku wenu, halafu anakata. Wewe nawe simu haikufai, masikio yako yalishastaafu, ndiyo maana nasumbua kalamu. Nieleze. Na uniambie kisiki kinatibiwa namna gani. Usisahau nani alibeba kengele ya kanisa lako kwenye baiskeli kutoka hapa mpaka Kabambare, Mwislamu mzima, ikilia kwenye kila shimo na watu wa vijijini wakitoka mbio kuja kusali. Siku ile ulisema: "Nourdine, una haki ya kuniomba jambo moja dogo." Sijaomba bado.

Shemeji yako mwenye njaa,
Nourdine, fundi nguo


Kabambare, 16 Julai 2023

Kwa shemeji yangu Nourdine,

Amani ya Bwana iwe kwako, uipokee au uiache mlangoni.

Barua yako imefika na alama za mafuta, kwa hiyo ni kweli unapika. Nimeisoma peke yangu nyuma ya nyumba. Émérance haniambii kitu. Anamwambia mke wangu Olga, naye Olga ananipigia kelele sikioni, basi majirani wote wanajua kabla yangu.

Si kivuli, Nourdine.

Binti yenu Mounira alipozaliwa na kitovu chake kikadondoka, wewe ulisema kitupwe chooni, hayo ya kuzika vitovu ni upuuzi wa watu wa msituni. Dada yangu hakubishana nawe. Alikizika pembeni ya parsele, akaniomba kitu cha kupanda juu yake. Nikamletea kijiti cha mzabibu. Mama yetu alitulea hivi: mmea uliokaa juu ya kitovu cha mtoto haupigwi chuma. Maadamu ni mbichi, mtoto anapumua, hata kama hujui yuko wapi. Mimi ni katekista, sifundishi hayo kanisani. Lakini aliyenifundisha ni mama yangu.

Tangu Mounira alipofuata biashara upande wa Kalemie na simu yake ikazimika, watu wangapi wamemshauri dada yangu akae matanga, amalize? Aliwaonyesha mzabibu. "Mtoto wangu huyu hapa, anapumua." Yale maji aliyoumwagia kila asubuhi, akiuimbia kwa chini "amka Mounira, amka mama", wewe ulidhani ni ya kuoshea vyombo. Sasa anasema hivi, nakuandikia kama Olga alivyonipigia kelele: "Nourdine amemzika mtoto wangu bila kuniita."

Nilipokuandikia habari ya kukata nilikuwa na bustani ya mapadri kichwani, sikuukumbuka ule wa kwenu. Hapo nimekosa. Ila nilisema macho mawili. Sikusema uuangushe.

Paka majivu kwenye majeraha. Usimwage maji mengi, mizizi itaoza. Ikiwa mizizi ni mizima, utaamka na mvua ya kwanza. Nilimuuliza dada yangu: "Na ukichipuka?" Akaendelea kuchambua mchele. Halafu Olga akanipigia kelele: "Anasema ukichipuka atarudi."

Octave


Kasongo, 28 Julai 2023

Octave,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa kwenye vumbi kando ya kisiki.

Kwa nini mutu hakuniambia? Usijibu. Ningecheka. Ningepeleka habari hiyo msikitini nikaifanya mchezo mpaka Idi, najijua. Mutoto wetu ni mmoja tu, na mwenye mupanga alikuwa mimi.

Nimepaka majivu. Nimepaka mengi mpaka kisiki kinafanana na mzee aliyeangukia jikoni.

Lakini tuache huzuni, shemeji! Mungu ni mkubwa: umechipuka! Majani mapana, mabichi, hata vile vikono vya kujisokotea viko. Nimemwambia Pitchou apige foto na simu yake aje kumwonyesha Nuru. Mwambie asiitazame kwa karibu sana, simu ya Pitchou ina kioo kilichopasuka, inaharibu macho. Atazame mara moja, afunge mzigo, apande pikipiki.

Namngoja Ijumaa. Nimeshafagia.

Nourdine


Kabambare, 11 Agosti 2023

Nourdine,

Amani ya Bwana iwe kwako, ingawa leo sina hakika kama unaistahili.

Émérance alichukua simu ya Pitchou akaivuta foto kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa. Akasema: "Hayo majani ya maboga. Na yamefungwa na uzi mweusi wa suruali. Tazama fundo lile, ni mkono wake kabisa."

Halafu akacheka. Mimi sisikii, lakini nilimwona: mabega, tumbo, kitambaa kikaanguka kichwani. Olga alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna nyoka. Hatujamwona hivyo tangu afike kwetu. Alicheka mpaka akakaa chini, na pale chini kicheko kikageuka, wala hatukujua kimegeukia wapi. Alilia mpaka jua likapungua ukali.

Usirudie. Hajakuchukia, ningeliona hilo usoni. Lakini mama anayengoja habari ya mtoto wake hachezewi na majani ya maboga.

Ngoja mvua. Na ukumbuke kula.

Octave


Kasongo, 19 Septemba 2023

Octave, Octave, Octave,

Mvua imekuja. Jana asubuhi nilikwenda kumwaga maji. Ndiyo, sasa namwaga mimi, kidogo kidogo kama ulivyosema, na maneno ya Nuru nayasema vilevile, "amka Mounira, amka mama", mpaka jirani yetu Djamali anaamini kichwa changu kimeharibika. Nikaona chini kabisa, upande wa ukuta, mahali ambapo mupanga haukufika, ganda limepasuka na kitu chekundu kimetoa pua kama panya anayechungulia. Leo ni majani mawili. Ni madogo kuliko kucha ya mutoto, na yana manyoya meupe.

Sijafunga uzi. Hata boga sina, mbuzi wa Djamali amekula yote. Foto iko kwa Pitchou. Nuru aivute kwa vidole anavyotaka, avute mpaka kioo kipasuke na upande wa pili.

Mwambie umechipuka. Leo sina neno lingine.

Nourdine


Kabambare, 2 Oktoba 2023

Shemeji,

Amani ya Bwana iwe kwako, na hii uiingize ndani.

Mimi nakuamini. Barua yako ni fupi na haina tusi, nikajua ni kweli.

Yeye amekataa hata kuitazama foto. Aliifunika simu na kiganja. "Kwenye simu Nourdine atanionyesha hata Mounira mwenyewe amekaa barazani." Nilimwambia majani yana manyoya meupe, kwamba mtu hawezi kubuni manyoya. Akasema: "Wewe humjui. Suruali ya gavana aliishonea mifuko ya uongo, na gavana akashukuru." Sasa anataka alishike jani mwenyewe. "Atume tawi. Nikilipata bichi mkononi mwangu, nafunga mzigo siku hiyohiyo."

Ningekuja niwe shahidi, lakini magoti yangu na barabara ile hawasalimiani tena. Tuma tawi. Nikuambie na jambo lingine, usiseme limetoka kwangu. Jana alimwomba Olga kitenge kikubwa cha kufungia vitu. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Kiko chini ya kitanda.

Octave


Kasongo, 12 Oktoba 2023

Octave, hii si yako. Mpe Olga amsomee Nuru, maana wewe utaisoma kama tangazo la ndoa.

Nuru,

Nimekata tawi kwa kucha. Hakuna chuma. Kucha ya kidole gumba, ile niliyoiacha ikue kwa ajili ya kulaza mishono, leo imepata kazi ya heshima. Tawi lina majani matatu na kikono kimoja kinachojisokota kutafuta pa kushika. Nimelizungushia kitambaa chenye maji, juu yake jani la mgomba, juu yake mfuko. Nimemwambia Pitchou asisimame hata kama ataitwa na mama yake.

Habari ya kitovu sina neno zuri la kusema. Ungeniambia, ningecheka. Hukuniambia, nikakata. Ukipita njia hii au ile, mjinga unayemkuta mwishoni ni mimi. Maji naumwagia kila asubuhi. Naimba vibaya, lakini naimba.

Nyumba ipo. Chandarua chako nimekiziba tundu kwa mshono ambao hata wewe hutauona. Kikaango cha vitumbua nimekisugua mpaka nikaona uso wangu ndani yake, nikajuta, bora masizi. Wateja wako wanapita, wanatazama mahali pako, wananiuliza, na mimi nawaambia umekwenda Ulaya. Mguu wangu wa kushoto umevimba tena, si sana. Usije kwa sababu ya mguu. Njoo kwa sababu ya jani.

Nourdine wako


Kabambare, 6 Novemba 2023

Nourdine,

Mzigo umefika. Pitchou alichelewa. Mvua kubwa, lori lilizama katikati ya njia, na mto ulikuwa umejaa, akabaki ng'ambo na wengine akingoja maji yashuke. Si kosa lake.

Émérance amepokea. Anakusalimu.

Usije sasa. Njia ni mbaya na mguu wako si wa safari. Ngoja nikuandikie.

Octave


Kasongo, 21 Novemba 2023

Octave,

Katekista asiyeniachia amani ya Bwana hata mlangoni ni katekista anayeficha kitu. Barua yako ni fupi kuliko kipimo cha kola. Niliigeuza upande wa pili kutafuta maneno mengine, nikakuta karatasi tupu.

"Amepokea." Alisema nini? Alinusa? Alicheka? Kile kitenge bado kiko chini ya kitanda? Nimepiga simu. Zamani nilikuwa nasikia kuku, sasa hata kuku hakuna, ni yule mwanamke wa ndani ya mashine tu, ananisemesha Kifaransa.

Nimejaribu kuja, usikasirike. Pitchou alinibeba mpaka mtoni. Maji yalikuwa yanapita juu ya mbao za daraja, na mguu wangu ulikuwa kama mkate uliolowa chai. Tukarudi. Njia nzima Pitchou hakusema neno, na yule ni mutu anayesema hata akiwa amelala. Nikamuuliza: "Alipofungua kitambaa, ulikuwepo?" Akasema kuna upepo, hanisikii. Nikamwambia: "Basi zima pikipiki." Hakuzima. Naona sasa kiziwi si wewe peke yako.

Mzabibu umefika dirishani, Octave. Unapanda kama mwenye haraka. Umetoa maua pia, nisingeyajua kama si harufu, ni madogo kama vumbi la kijani. Kila asubuhi nauambia Nuru yuko njiani. Je, nadanganya?

Nourdine


Kabambare, 18 Desemba 2023

Ndugu yangu Nourdine,

Amani ya Bwana iwe kwako. Safari hii nakuomba uipokee.

Nuru amefariki. Alikwenda Jumatano asubuhi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Olga. Antena ya simu hapa imekufa tangu mwezi uliopita, la sivyo ungejua siku ileile. Na maji bado yamefunga njia. Nilimtafuta mtu wa kukufikia kabla ya mazishi, sikumpata.

Uliuliza kama unadanganya. Nikujibu sasa, maana yeye alinikataza na sasa hayupo wa kunikataza.

Tawi lilifika jeusi. Pitchou alikaa ng'ambo ya mto, jua na mvua vikipokezana juu ya ule mfuko. Émérance aliposikia pikipiki alinawa mikono kwanza, kama mtu anayekwenda kupokea mtoto mchanga. Akafungua jani la mgomba, akafungua kitambaa. Majani yalikuwa yamelainika, yameshikana kama karatasi iliyolowa. Kile kikono kilikuwa kimeshika uzi mmoja wa kitambaa, kikafa kimeushika. Alitazama. Akafunga tena, pembe juu ya pembe, kama alivyolikuta. Akasema: "Nimeona."

Nilipiga kelele, mimi kiziwi, kwamba ni njia, ni mvua, kwamba kila jani likitengwa na shina lake linakufa, na shina liko zima Kasongo. Olga alimwambia hivyohivyo. Pitchou aliapa. Dada yangu akamwambia: "Wewe ni rafiki yake." Siku hiyo alitandika mkeka sakafuni, akakaa matanga ya Mounira. Kitenge cha kufungia mzigo ndicho alichojifunika. Akaacha kula. Homa ilipokuja, haikukuta wa kupigana nayo. Alisema nisikuandikie ukweli: "Atatuma majani mengine."

Sikujua nimzike vipi. Hakuwahi kuniambia kwamba ametoka katika dini yako. Basi nilikwenda kwa Waislamu wa hapa. Mama Latifa na wenzake walimwosha, wanaume wakamswalia. Mimi nilisimama nyuma, sikujua mikono niiweke wapi. Kwenye kibao nimeandika majina yote mawili.

Jambo moja zaidi. Karibu na mwisho alimwambia Olga: "Yale majani ya maboga. Lile fundo." Akatabasamu kidogo. Sijui kama ulikuwa ujumbe. Nakuletea kama nilivyopewa.

Octave


Kasongo, 9 Juni 2024

Octave, kiziwi wangu,

Sikukujibu. Nilikuwa na hasira nawe, na Pitchou, na mto, na mimi mwenyewe, na msururu ulikuwa mrefu, zamu yako imekwisha juzi tu. Antena iliporudi Olga alinipigia simu. Niliipokea, nikanyamaza. Nadhani alisikia kuku wa Djamali. Sikujua kwamba kunyamaza kwenye simu ni kazi ngumu hivyo. Nuru alikuwa anaifanya kila siku.

Ngoja nikupe habari ya zabibu, na leo hakuna cha kufuta. Mwezi wa pili mzabibu ulitoa kishada kimoja. Kilikuwa kidogo kama ngumi ya mutoto. Zilikuwa chachu mpaka masikio yakasimama, na nimezila mwenyewe, imamu sikumpa. Moja niliiacha chini, kwenye ile pembe unayoijua.

Mounira hajapiga simu. Mzabibu ni mbichi. Kila jioni nasema haya mawili hayahusiani, na kila asubuhi nachukua kopo la maji nakwenda kumwamsha.

Kiangazi kimeanza tena. Niliuzunguka sana, nikaogopa, mwisho nimeukata. Sikutumia chuma. Nilivunja kwa mkono, tawi kwa tawi, nikiacha macho mawili, na mikono yangu sasa ni kama ya mkulima, itakufurahisha. Ulilia kidogo. Nikaleta kiti, nikakaa nao mpaka ukanyamaza.

Ndani ya mfuko wa Pitchou kuna kijiti. Usishtuke ukikiona. Kimekauka, ni cha kahawia, hakina jani hata moja, kinafanana na kitu cha kuwashia jiko. Mwambie Olga asikiwashie jiko. Kijiti cha namna hiyo kinalala njiani hata mwezi mzima, kikifika kinaamka. Jani bichi halifiki Kabambare. Na hilo tulilijua, Octave! Wewe mwenyewe ndivyo ulivyotuletea mzabibu huu, kijiti kikavu ndani ya gazeti, na Nuru ndiye aliyekupokea. Alitaka jani, tukakimbilia jani. Wazee wawili, mmoja na rozari, mwingine na tasbihi, na hakuna aliyekumbuka kumwambia: nakuletea kijiti, ukipande, ungoje. Nimekaa na jambo hilo tangu Desemba. Leo nakugawia, usikae bure.

Sasa ile kengele. Jambo langu dogo naliomba leo.

Panda kijiti hiki kwenye kaburi la Nuru, upande wa kichwa. Macho mawili yawe chini ya udongo, moja juu, na usikigeuze juu chini kwa sababu ya miwani yako. Shehe wetu anasema kitu kibichi juu ya kaburi si vibaya. Kila kiangazi nenda ukikate, mimi mguu umeshakataa. Tumia mkono. Ukisikia mtu anacheka pale chini, lakini wewe husikii, basi ukiona udongo unatikisika kama mabega, usikimbie, ni yale maboga.

Na mvua ya kwanza ikija, kikitoa jani, usimpigie Nuru foto, usimwandikie, usimwambie maneno. Livunje kwa kucha, uliweke juu yake lingali bichi. Kutoka kwenye shina mpaka mkononi mwake hakuna mto. Halitakauka njiani.

Nourdine